Mdhamini Aliyenikana

Nakumbuka siku moja pale Mugumu, mwanangu Bhoke, nimesimama kwenye dirisha la ofisi na shati la kuazima, karani akaniambia kwa upole kabisa kwamba mimi sipo. "Mdhamini wako tulimpigia simu," alisema. "Anasema kijijini kwao hakuna Mwita. Na kama ni yule Mwita mwingine, basi alishavuka kwenda Kenya siku nyingi, hana habari zake." Niliangalia miguu yangu. Ilikuwa pale pale, kwenye sakafu ya Mugumu, na tope la kwetu Gorong'a lilikuwa halijakauka vizuri kwenye viatu.

Nakuandikia haya kwa sababu wewe ni binti wa mdogo wangu, na najua miezi hii unatuma barua za kazi huku na huku. Vijana wa sasa mnapenda shauri liwe fupi, lienee kwenye kioo cha simu. La kwangu halitaenea. Mimi baba yako mkubwa sina ng'ombe wengi wa kukurithisha, lakini makosa ninayo, tena yaliyonona, na hili ndilo dume la zizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza zamani kidogo, kwa matokeo ambayo hayakuwa ya kujivunia wala ya kulilia, nami nilikuwa nyumbani Gorong'a nikilima na kuchunga. Babu yako, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa ameshasema neno lake moja: mahindi yakivunwa kabla sijapata kazi, nitapita Sirari niende Migori, upande wa Kenya, kuuza misumari kwenye duka la mjomba wangu. Mjomba alikuwa mtu mwema na duka lake lilikuwa zuri. Ila mimi nilipenda ng'ombe, mwanangu. Ndama akianza kuumwa nilimjua kabla hajaacha kunyonya, na kila nilipofikiria kuamka asubuhi nikatazamane na misumari, moyo uliniuma kweli kweli.

Ndipo likabandikwa tangazo kwenye ofisi ya kata. Mradi mmoja wa mifugo ulikuwa umefungua ofisi Mugumu, nao unatafuta vijana wa kuzunguka vijijini, kuandikisha mifugo, kufuatilia chanjo na kuwahimiza wafugaji kuogesha ng'ombe. Nilisoma tangazo lile mara tatu. Ilikuwa kana kwamba mtu alikuja kunichungulia ninavyoishi, kisha akaenda kuandika. Nikajiambia kazi hii nisipoipata mimi, basi hakuna haki duniani.

Sasa tazama nilivyoiharibu.

Walitaka barua pamoja na wasifu, hiyo karatasi mnayoiita sivii. Nilikuwa sijawahi kuiona hata moja. Mtoto wa mjomba huko Migori alikuwa na yake, kurasa nne, ina mistari na visanduku, nikaona hapo ndipo usomi ulipo. Nikaichukua nikabadilisha jina, shule na tarehe ya kuzaliwa, mengine nikayaacha yakae kama yalivyokuwa yamekaa. Basi nikawa mtu mchapakazi, mbunifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu, anayependa kuogelea na kusoma magazeti. Kwenye taarifa binafsi nikaongeza za kwetu: jina la baba, la babu, la baba yake babu, ukoo wetu na rika langu, maana kwetu mtu asiyesema ametokea mlango gani hajajitambulisha bado.

Kuhusu ng'ombe sikuandika hata neno. Na sikiliza, wakati huo ilikuwa inapita miaka miwili na nusu mimi ndiye niliyeandika daftari la josho la kijiji. Hakuna aliyenituma. Niliona tu watu wanabishana kila mara ni lini dawa ilibadilishwa na ng'ombe wa nani wameoga, nikanunua daftari. Kila Jumatano nilisimama pale joshoni tangu alfajiri nikiandika nani kaleta ng'ombe wangapi, wapi kuna kupe wengi, ndama gani tezi zimevimba. Bwana mifugo wa kata alikuwa akija mara moja kwa mwezi, ananakili kutoka kwangu, anaondoka amefurahi.

Kwa nini sikuyaandika? Kwa sababu niliona si kazi. Tarime nzima inachunga, Tarime nzima inaogesha. Kumwambia mtu wa ofisini kwamba mimi naogesha ng'ombe niliona ni sawa na kumwambia kwamba mimi napumua. Na isitoshe nilikuwa nimefundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikasema wakiniona tu watanijua.

Mwisho wa karatasi walitaka mdhamini, mtu anayekufahamu, ambaye ofisi inaweza kumuuliza habari zako. Hapo sikufikiri hata kidogo. Nikamwandika mzee Chacha, kaka wa baba yangu, baba yangu mkubwa mimi. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kijiji na watu walimheshimu. Tena alikuwa na simu ya mkononi, na siku hizo simu Gorong'a zilikuwa za kuhesabika. Alikuwa akiitundika kwenye paa la ghala la mahindi, maana hapo tu ndipo mtandao ulipofika, na ikilia watoto walikimbia kumwita. Sikumwambia kwamba nimemwandika. Nimwambie nini, na ni damu yangu?

Karatasi hizo nilichapiwa na Mama Nyangi, mwanamke mtu mzima aliyekuwa na taipureta yake kwenye kibaraza karibu na soko la Mugumu. Alikuwa amefanya ukarani serikalini miaka mingi, akastaafu na ukali wake wote. Alichapa kurasa zangu nne bila kusema neno, ila kila alipofika chini ya ukurasa aliniangalia juu ya miwani. Mimi nilidhani ananistaajabia.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye lile dirisha. Karani aliponiambia kwamba sipo, nilimjibu, "Lakini kaka, si ndiye mimi huyu nimesimama?" Akasema, "Nakuona, ndugu yangu. Ila ofisi inafuata ilivyojibiwa." Akanirudishia bahasha yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Mwenye hasira hutafuta wa kumlalamikia, nami sikuwa na mtu mwingine Mugumu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha Mama Nyangi, nikamwamkia, nikamweleza jinsi baba yangu mkubwa alivyoniangamiza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku vidole viko juu ya mashine.

"Ulimwambia umemwandika?" aliuliza.

"Nimwambie nini, mama? Ni baba yangu. Ni damu."

"Simu haijui damu. Mzee yuko kwake Gorong'a, anapigiwa na sauti asiyoijua, Kiswahili cha mjini, inamuuliza Mwita yuko wapi sasa hivi na tabia yake ikoje. Wewe ungefikiri wanataka nini?"

Nilijua jibu. Wewe, mwanangu, umezaliwa wakati mwingine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu tangu zamani, mgeni akija kumuulizia kijana kwa jina, hakuja kwa heri. Ni mgambo, au ni kesi ya mpaka wa shamba, au ni mtu wa ukoo mwingine mwenye kinyongo chake. Kila mtoto alikuwa amefundishwa jibu, na jibu lilikuwa jepesi kwa vile mpaka uko karibu na ndugu zetu wako pande zote mbili: hayupo, alishavuka. Kuna wanaume walisemewa hivyo wakiwa nyuma ya mlango wanamalizia ugali. Mzee Chacha hakunichukia. Alinificha, kama alivyowaficha wengi kabla yangu, na alifanya hivyo kwa upendo.

Mama Nyangi hakuishia hapo. Alichukua bahasha akatoa zile kurasa nne, akazitandaza juu ya mashine.

"Hapa umeandika unapenda kuogelea. Unaogelea wapi, Mto Mara? Mamba wamekuzoea?"

Nikacheka, ingawa sikutaka.

"Kazi uliyoomba ni ya nini?"

"Ya mifugo, mama."

"Nionyeshe ng'ombe mmoja humu ndani."

Nikafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafika wa nne. Hapakuwa na ng'ombe, mwanangu, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa hata na kuku.

"Siku ile ulipokuja kuchapisha, kibaraza changu kilinuka dawa ya josho mpaka jioni," alisema. "Koti lako linaeleza kazi yako kuliko karatasi yako."

Nikajitetea. Nikamwambia nilidhani chema chajiuza.

"Chajiuza kikiwa sokoni," alinijibu. "Chako umekiacha zizini."

Kisha akarudi kwenye kazi ya mteja aliyekuwa akingoja, nami nikakaa pale kwenye benchi nimeshika kurasa zangu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Nilikuwa nimemwiga mtu mwingine, nikajiacha mwenyewe nyumbani, halafu nikalaumu watu kwamba hawakuniona.

Nilifika Gorong'a kesho yake. Mzee Chacha alikuwa amekaa karibu na ghala lake akichonga mpini wa jembe. Aliponiona alitabasamu, na mzee yule hakuwa mwepesi wa kutabasamu.

"Mura, njoo hapa," aliniita, kama Wakurya tunavyomwita kijana wa kiume. "Kuna watu walikuulizia kwenye simu. Nimewapoteza kabisa. Hata mama yako nimemwambia asiwe na wasiwasi, hawatakupata."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuvunja mlango. Ikaniishia mdomoni. Nikakaa chini nikamweleza taratibu kazi ilikuwa gani, kwa nini walipiga simu, na kwamba ni mimi niliyewapa namba yake.

"Walikuwa watu wa kazi?" aliuliza.

"Ndiyo, tata," nilimjibu, kama tunavyomwita baba.

"Kazi ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

Aliweka ule mpini chini. Akaniuliza, "Mbona hukuniambia?" Hakuuliza kwa ukali. Kama angeuliza kwa ukali ningekuwa na la kujibu.

Asubuhi yake alivaa koti lake la mikutano, akapanda juu ya lori la mahindi, akaenda Mugumu. Hakuaga mtu. Alirudi siku ya pili amechafuka vumbi mpaka kope. Aliniambia walimpa kiti, wakamsikiliza vizuri, akawaeleza kwamba ananijua tangu nilipozaliwa. "Lakini nafasi wameshampa mwingine," alisema. "Wamesema ningesema hivyo wiki iliyopita." Mwanangu, sijawahi kumwona mzee yule ameinama namna ile. Nilitamani anichape tu, tumalize.

Mahindi yakavunwa, nami nikavuka. Yale aliyoyasema mzee Chacha kwenye simu yakawa kweli.

Nilikaa Migori mwaka mmoja na nusu. Sitamsema vibaya mjomba, alinitunza kama mwanawe. Wateja walikuwa wakiniita "wa Tanzania" na kunicheka ninavyosema "naomba" kabla ya kila kitu, nami nikazoea. Nilijifunza kupokea mzigo, kuupanga, kujua kipi kinakaribia kwisha. Mchana nilikuwa sawa. Alfajiri ndiyo ilikuwa ngumu, maana niliamka saa ile ile ya kukamua, nikakaa kitandani sina wa kukamua.

Kisha habari zikaja kutoka nyumbani. Tangu nilipoondoka hakuna aliyelishika lile daftari la josho. Watu wakaanza kuruka wiki, dawa ikazeeka ndani ya josho, ikawa hakuna anayejua mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaingia. Babu yako alipoteza ndama saba na ng'ombe mmoja mzee mwekundu ambaye nilimchunga tangu nikiwa mdogo. Wazee wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa nimesikia msemo huo tangu shuleni bila kujua kwamba unanizungumzia. Nilikwenda nyuma ya magunia ya saruji nikalia, mtu mzima. Nililia kwa ajili ya ng'ombe, na nililia pia kwa sababu niliona sasa kwamba ile niliyoidharau ilikuwa kazi, na kwamba wa kwanza kuidharau nilikuwa mimi.

Miezi michache baadaye ule mradi ukatangaza tena, safari hii kwa vijiji vya upande wetu wa Mto Mara. Mjomba aliponiona nimelishika tangazo kwa mikono miwili aliniambia niende tu, duka halitakimbia.

Safari hii sikuanza na karatasi. Nilianza na mzee Chacha. Nilinunua sukari, nikaenda kwake asubuhi, nikamwamkia, nikasema, "Tata, nimekuja kuomba jina lako."

"Jina langu? Ukalitumie wapi?"

Nikamweleza yote. Ni ofisi gani, kazi gani, nani anaweza kupiga au kuja, na atauliza nini. Alinifanya nirudie jina la ile ofisi mpaka akalishika. Kisha akasema jambo ambalo nalitafakari hadi leo: kwamba kwetu huwezi kuchukua hata kijinga cha moto jikoni kwa mtu bila kupiga hodi, sasa mimi nilichukuaje jina la mtu mzima? Alisema akicheka, lakini alisema.

Kutoka hapo nilikwenda kwa bwana mifugo wa kata, nikamwomba na yeye, kwa kuwa ndugu peke yake hatoshi, lazima awepo aliyekuona kazini. Ndipo nikaenda kwa Mama Nyangi. Tulikaa na ukurasa mmoja tu kwa saa nzima. Aliniuliza maswali kama polisi: ulifanya nini, wapi, kwa muda gani, ikasaidia nini. Mwisho akachapa hivi: "Mwandishi wa daftari la josho la kijiji, miaka miwili na nusu. Kila Jumatano niliandika mifugo ya kaya thelathini na mbili: idadi, kupe, ndama wagonjwa na siku ya kuweka dawa. Daftari lilitumiwa na bwana mifugo wa kata." Chini yake akaweka duka la mjomba, kwa vile mtu anayetunza misumari anaweza kutunza chanjo. Nilipomwomba aongeze neno "mchapakazi" alikataa. "Mtu aliyesimama joshoni kila Jumatano miaka miwili na nusu, nani atamuuliza kama ni mvivu?" Kuogelea tulikuacha kwa mamba.

Hawakupiga simu safari ile. Alikuja bwana mmoja na pikipiki mpaka Gorong'a. Mzee Chacha alimkalisha, akampa maziwa, akaanza kuzungumza, na mwanangu, alizungumza. Alimpeleka joshoni, akamwonyesha daftari langu la zamani lililokuwa limeliwa na panya pembeni, akamwita bwana mifugo, akamwita na jirani. Yule bwana aliomba ruhusa ya kuondoka mara mbili, akakataliwa. Nilipoambiwa nimepata kazi, nilikwenda kumshukuru mzee, naye akanijibu tu kwamba safari hii amewaambia nipo.

Kazi ile ya mifugo niliifanya kwenye mradi, baadaye halmashauri, mpaka nilipostaafu mapema. Katika miaka hiyo nilikaa upande wa pili wa meza mara nyingi, nikisoma karatasi za vijana. Wachapakazi nimewaona wengi sana, wote wabunifu. Waliofanya jambo likaonekana walikuwa wachache, na karatasi zao zilikuwa fupi.

Sasa nikuambie kwa nini nimeyakumbuka haya wiki hii.

Jumanne nilikuwa nawapa ndama maji, simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mama mmoja, Kiswahili kimenyooka. "Naongea na mzee Mwita? Unamfahamu binti anaitwa Bhoke? Yuko wapi kwa sasa, na tabia yake ikoje?" Mwanangu, mimi niliyepigwa na jambo hili, niliyekaa ofisini miaka yote hiyo, moyo uliruka. Nikajiuliza umefanya nini. Ulimi ukawa umeshaondoka wenyewe: "Bhoke yupi? Hapa kwetu hakuna..." Ndipo nikajisikia ninachosema. Nikamwambia, "Samahani mama, ngoja nikae chini. Namfahamu. Ni binti yangu."

Kumbe ni hospitali uliyoomba kazi ya maabara. Nikamweleza. Nilimwambia umejitolea mwaka mzima kwenye zahanati kule Kemambo, unaondoka nyumbani kabla ya jua. Nilimwambia ile siku umeme ulipokatika, akina mama wamejaa na watoto wenye homa, ukabeba darubini mpaka mlangoni, ukakielekeza kioo chake kwenye jua, ukasoma vipimo mpaka foleni ikaisha. Nikasikia yule mama akifunua karatasi. Halafu akasema, "Mzee, haya yote mimi sinayo hapa. Nilicho nacho ni kwamba ni mchapakazi, ana ari, na anapenda kusafiri."

Umesafiri wapi, mwanangu, zaidi ya Musoma?

Sikukasirika. Najua ulivyofikiri, kwa sababu nilifikiri hivyo hivyo kabla hujazaliwa: kwamba kujitolea si kazi kwa vile hakuna aliyekuajiri. Yule mama ameniambia hawajafunga. Atapokea karatasi nyingine kutoka kwako kabla ya Ijumaa jioni. Leo ni Jumatano.

Kwa hiyo kaa chini leo uandike upya. Weka Kemambo juu kabisa, mahali jicho linapoangukia kwanza, kwa kuwa kazi unayoomba ni ya maabara na hapo ndipo ulipofanya maabara. Andika ulifanya nini kwa mkono wako, kwa muda gani, na nani alifaidika. Siku ya darubini iandike kwa mistari miwili, bila kujitukuza na bila kujificha. Mficha uchi hazai, na anayeficha kazi yake haajiriwi. Maneno ya sifa yafute yote, wengine watakusifu wenyewe wakishaona. Usiweke jambo hata moja usiloweza kulieleza ukiwa umekaa mbele ya mtu anayekutazama, maana njia ya mwongo ni fupi, na siku hizi imekuwa fupi zaidi. Ukurasa mmoja unatosha, mbili zikizidi. Hakikisha namba yako ni ile unayopokea, wala si ile laini unayoweka siku za ofa. Ukimaliza, msomee mama yako kwa sauti. Akikuuliza "huyu ni nani?", anza tena. Na kila kazi utakayoomba baada ya hii, usitume karatasi ile ile. Kaa uisome kwa macho ya yule atakayeipokea.

Halafu uende Kemambo kwa mganga wako wa zahanati, umwamkie, umwombe jina lake. Mwambie ni nani atakayempigia. Mimi umeshanichukua bila hodi, nimekusamehe, ila ukija Jumapili sukari usisahau.

Kuomba si aibu, mwanangu. Wala kusema ulichokifanya si majivuno. Sisi tumelelewa kujitaja kwa baba na babu, na ni vizuri, usiache. Lakini karatasi ya kazi inakuuliza wewe, na mikono yako ndiyo ya kuijibu.

Mungu akuongozee kalamu. Akupe kazi itakayokufaa na watu wa kuifanya nao kwa amani. Akulinde njiani uendako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Na popote jina lako litakapotajwa wewe mwenyewe hupo, asikosekane mtu wa kusema: huyo namfahamu.